Matone Mekundu ya Gari la Aabo

Sisi tuliokuwa watoto Garissa wakati wa vita vya shifta tuna haki ya kuwacheka hawa wa leo, na mimi naitumia haki hiyo asubuhi na jioni. Juzi mwanangu wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini na ushee mwenye ndevu za kuchana, alinijia uso umemshuka. Usukani wa gari lake umekuwa mzito, taa ya njano imewaka mbele yake, na yeye hajui kuna nini. Nikamuuliza, "Umefungua boneti?" Akanitazama kama niliyemuuliza iwapo amempasua mtu tumbo. Hajafungua. Amepiga picha ile taa, ameituma kwa rafiki yake Nairobi, na rafiki amejibu kwa kikatuni kinacholia. Wote wawili wakakata shauri kwamba gari limekwisha.

Mtu mzima huyo! Chini ya gari lake kulikuwa na dimbwi dogo jekundu ambalo hata kuku walikuwa wameliona.

Wa rika langu mnanielewa. Tulipokuwa wadogo, magari ya raia pale mjini tuliyahesabu kwa vidole, na tuliyajua kwa sauti kama tulivyojua mbuzi wetu kwa milio. Ukiwa umekaa dugsi, chuo chetu cha Kurani, loho ya mbao mapajani na wino wa mkaa vidoleni, ungesikia ngurumo kutoka upande wa daraja na kujua ni lori la nani, limebeba nini, na giya ipi inalisumbua. Mwalimu angekuchapa kwa kugeuza kichwa, lakini ungekuwa umeshajua. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa sukari hadi kijiko kisimame, tukala mikate ya canjeero kwa samli, na jua la Garissa likatuchoma sote bila ubaguzi. Leo mtoto akikaa nje dakika kumi mama yake anamwita ndani asije akaungua, utadhani ni mkate.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kizuizi. Wawili wanakuwa askari, waliobaki wanakuwa raia, na kila raia lazima atoe pasi, nayo pasi ni kipande cha jani la mkoma. Asiye na jani analazwa kifudifudi mchangani. Mama zetu walituchapa kila walipotukuta tukicheza hivyo, na hatukuelewa kwa nini mchezo mtamu namna ile uwaudhi. Tulikuwa wajinga, lakini angalau tulikuwa watoto. Tulichokuwa nacho ni amri ya kutotoka nje jua likishatua, na askari waliokuja kutoka mbali ambao kwao kila mtu mwembamba mwenye kikoi alikuwa shifta, mwasi wa porini.

Baba yangu, Aabo, alikuwa na gari. Alilinunua kwa Mzungu mmoja daktari wa mifugo aliyefungasha na kwenda zake baada ya Uhuru. Lilikuwa gari la Kimarekani, refu, la buluu, pana kama kitanda cha harusi, na tayari lilikuwa limezeeka. Ajabu yake kubwa ilikuwa pawa stering. Madereva wa malori walikuwa wakipigana na usukani kwa mabega na meno, lakini Aabo aligeuza gari lile zima kwa kidole kimoja, na hakuchoka kuwaonyesha watu hicho kidole. Ndani ya mtambo huo kulikuwa na oili nyekundu kama sharbati. Mzungu alimwachia kopo moja lake. Kwa gari hilo Aabo alipeleka wagonjwa hospitalini, maharusi kwa waume zao, na wazee kwenye mabaraza.

Kisha usukani ukaanza kuwa mzito. Kila ulipogeuzwa, gari liliguna kama ngamia anayelazimishwa kupiga magoti. Chini yake kukaonekana matone.

Mjini kulikuwa na kijana aitwaye Gedi. Alikuwa amekaa Nairobi miezi michache, akarudi na miwani nyeusi na habari nyingi, na kwa hiyo mji mzima ukaamini ni makanika. Aabo akamwita. Gedi akalizunguka gari mara mbili, mikono mifukoni, akalipiga teke tairi moja.

"Ni joto, mzee," akasema. "Ongeza oili, endelea na safari."

Hakuinama hata kidogo. Ningejua wakati ule ningemwinamisha mimi. Aabo akaongeza oili, na siku ya pili akaongeza tena, na kopo la Mzungu likazidi kuwa jepesi.

Ikafika siku ambayo Aabo alipata pasi ya kumpeleka ajuza mmoja kwa mwanawe huko upande wa Mbalambala na kurudi kabla ya jua kutua. Alimfikisha. Huko huko akamimina oili iliyobaki, na kopo tupu akamwachia yule bibi atilie maziwa, maana kopo zuri halikutupwa zama zile. Akarudi peke yake, gari likiguna na kudondosha njia nzima, akaliegesha uani kwetu, akasali, akalala. Hakujua kwamba mchana huo huo risasi zilikuwa zimelia kwenye barabara ile ile, na kwamba askari walikuwa wakimtafuta mtu aliyejeruhiwa.

Asubuhi nilikuwa nje nikiwapa mbuzi maji. Nikaona buti kwanza, halafu nikaona wenye buti, na wote walikuwa wakitazama chini. Walikuwa wakifuata matone. Katika vumbi letu, oili ile ilikuwa imekuwa doa jekundu lililoiva, na madoa hayo yalitoka barabara kuu, yakapinda kwenye mtaa wetu, yakaingia uani, yakaishia chini ya gari la Aabo.

"Mwenye gari ni nani?" akauliza sajini wao.

"Mimi, afande," Aabo akajibu. Alikuwa ametoka na birika la udhu mkononi.

"Ulimbeba nani jana?"

"Nilimbeba mama mzee. Nikamwacha kwa mtoto wake. Nikarudi peke yangu."

"Peke yako, na damu imejaa njia yote?"

"Si damu, afande. Ni oili ya stering."

Sajini akacheka, akawageukia wenzake ili wacheke pia, nao wakacheka. "Oili nyekundu! Hawa watu wana uongo mpya kila siku."

Aabo akamwomba afungue boneti aone. Sajini akakataza mtu yeyote kuligusa gari, huenda lina bomu. Hapo ndipo nilipoanza kuwadharau watu wazima, na sijaacha mpaka leo. Wanaume sita wenye bunduki walisimama juu ya doa, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuligusa kwa kidole na kulinusa.

Akaja mkubwa wao, kapteni mmoja mrefu, mkimya, nguo zake zimepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata nyama. Akasikiliza maelezo ya sajini, akawatazama watu waliokuwa wamejazana kwenye ua, akauliza, "Hapa nani anajua magari?"

Watu wakamsukuma Gedi mbele. Akaja na miwani yake.

"Gari lina oili nyekundu?" kapteni akamuuliza.

Angesema hajui. Maneno mawili tu, sijui, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Gedi hakuwahi kukubali mbele za watu kwamba kuna jambo hajui. Akajikohoza.

"Afande, mimi nimefanya gereji Nairobi. Oili ya gari ni nyeusi. Oili nyekundu sijaiona Nairobi nzima."

Aabo akamtazama. Sajini akamshika Aabo mkono, wakamtoa uani mwake akiwa na kiatu kimoja, kingine kikabaki mlangoni. Tukaambiwa kuna lori la kuwahamisha mahabusu, litaondoka saa saba mchana. Kila mtu alijua maana ya lori hilo. Waliopanda hawakurudi kutuhadithia lilikwenda wapi.

Mama yangu, Hooyo, alikuwa mwanamke wa porini aliyeolewa mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia sukari na kuuzia maziwa, na tuliomjua tulimcheka kimyakimya. Siku hiyo alimzibia kapteni njia, akamnyooshea kidole kifuani.

"Wewe afande, ngoja. Damu ya jana, jua hii kali, nzi iko wapi?"

Kapteni akasimama.

"Siafu iko wapi? Mimi nachinja mbuzi tangu mtoto. Damu nakauka, nabasuka kama tobe. Hii nakauka? Habana kauka! Angalia! Wewe naangalia na nini, na kofia?"

Sajini akanyanyua mkono amsukume. Kapteni akamzuia. Akalitazama doa lililokuwa karibu na buti lake, na kweli, hapakuwa na nzi hata mmoja.

"Si kila chekundu ni oili, mama," akasema polepole. "Nionyeshe inatoka wapi. Nikiiona kwa macho yangu, mzee wako atarudi. Lori linaondoka saa saba."

Hooyo akanigeukia. "Sahra, kimbia mtoni kwa Komora. Mwambie aje na vyombo vyake. Usiposikia kichomi, hujakimbia."

Fundi Komora alikuwa Mpokomo mwenye shamba la migomba kando ya Tana, na alizitengeneza pampu zote za maji za mto ule. Hakuwahi kujiita makanika. Nilimkuta amefunua pampu, mikono myeusi hadi viwikoni. Nikamweleza huku nahema. Akauliza swali moja tu: "Usukani ukigeuzwa, unaguna?" Nikasema ndiyo. Akaokota mfuko wake wa spana na kuanza kutembea, polepole kama anayekwenda kumjulia mgonjwa hali, nami nikitangulia na kurudi, kutangulia na kurudi, nikilia kwa hasira.

Alipofika akamwamkia kapteni, akafungua boneti mwenyewe wakati askari wamerudi nyuma hatua kumi, akatia kijiti kwenye kikopo cha pampu ya stering. Kijiti kikatoka chekundu nchani. Akakiinua juu watu waone. Gedi akavua miwani.

"Hiyo inaonyesha kwamba iko," kapteni akasema. "Haionyeshi kwamba ndiyo iliyomwagika."

"Kweli, afande," Komora akajibu, na nilimchukia kwa kukubali. "Mama Sahra, nipe mafuta ya taa na tambara. Halafu nipe unga."

"Unga gani?"

"Wa ngano."

Hooyo akaleta unga wake wote wa canjeero. Komora akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa: pampu, mipira miwili ya oili, boksi ya stering kule chini. Akafuta hadi pakakauka, akaupuliza unga juu ya vyote, mpaka mtambo ukawa mweupe kama uso wa mzimu. Akaeleza kwamba oili ni mwongo. Inatokea juu, inateremka kwenye mpira, inadondoka chini mahali pengine kabisa. Anayetazama tone linapoangukia atafungua boksi nzima bure. Unga ndio utakaosema palipolowa kwanza.

"Sasa injini iwake, na mtu azungushe usukani, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Ukibanwa mwisho ndipo presha inapanda."

Kapteni akawatazama askari wake. Askari wakaangalia mbali. Bomu lilikuwa bado limo vichwani mwao. Gedi akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Hooyo akaufungua mlango, akaketi kwenye kiti cha dereva. Alikuwa hajawahi kukikalia maisha yake yote. Komora akamwashia, naye akaushika usukani kwa mikono miwili kama anavyoshika pembe za beberu, akaupeleka kulia. Gari likaguna. Akaupeleka kushoto. Likaguna tena. Komora alikuwa ameshalala chali chini, kichwa kimeingia ndani.

"Afande," akaita, "ukitaka kuona kwa macho yako, njoo."

Kapteni akasimama kidogo. Kisha akavua kofia, akampa sajini, akalala mgongoni katika vumbi letu na nguo zake zile, akajiburura hadi bega lake likagusana na bega la fundi. Hata mbuzi waliacha kutafuna. Tuliona miguu minne tu, buti mbili zinazong'aa na nyayo mbili zilizopasuka.

"Usiangalie chini. Angalia pale pampu inapokutana na mpira," tukasikia Komora akisema. "Kwenye bolti. Mama, bana kulia! Shikilia!"

"Nashika!" Hooyo akapiga kelele, jasho likimtiririka.

"Unaona unga unavyobadilika?"

Sauti ya kapteni: "Naona."

Unga kwenye bolti ile uligeuka waridi, ukawa mwekundu. Uzi wa oili ukateremka taratibu juu ya mpira, ukafika kwenye boksi, ukakusanyika kuwa tone. Tone likaning'inia, likaanguka vumbini kando ya sikio la kapteni. Akaligusa, akalinusa. Akatoka, akaenda hadi kwenye doa la jana, akapiga goti, akaligusa na kulinusa nalo.

Mgongo wake wote ulikuwa vumbi. Akachukua kofia kwa sajini bila kumtazama.

"Mwachie mzee," akasema. "Sasa hivi."

Hakuomba radhi. Sisi pia hatukungoja radhi, tulikuwa tumezoea.

Aabo alirudi kwa miguu, kiatu kimoja, shavu limevimba. Hooyo akamletea maji ya kunawa. Bado alikuwa hajakausha mikono lori lilipopita mbele ya ua wetu. Nyuma walikuwa wamekaa wanaume, vichwa vimeinamishwa, na miongoni mwao nikamwona Hirsi, aliyekuwa akiuza chai karibu na dugsi na kutugawia makombo ya mandazi. Alikamatwa siku mbili kabla, sikuambiwa kwa nini. Aabo akasimama, akaweka mkono kifuani, akabaki hivyo mpaka vumbi likatulia. Mke wa Hirsi alikuwa akilifuata lori kwa miguu.

Mchana huo Komora alilitengeneza gari. Aliifungua bolti na kukuta washa yake, kile kipete cha shaba cha kuzuia oili, imebanwa hadi ikapasuka. Washa kama ile Garissa haikuwapo. Akachukua senti moja yenye tundu katikati, akaitia kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili iwe laini, akapanua tundu kwa tupa, akajaribu, akapunguza tena, akajaribu. Akafunga bolti. Akatia oili nyepesi aliyokuja nayo, akatuamuru tuinue magurudumu ya mbele juu ya mawe, akazungusha usukani polepole huku na huku bila kuwasha, mpaka povu likaisha kwenye kikopo na hewa yote ikatoka. Alipowasha, gari halikuguna. Bolti ile haikuvuja tena mpaka Aabo alipoliuza gari, vita vilipokwisha.

Kesho yake Gedi alikuja kutupongeza. "Nilihisi ni pale pale," akasema. Hooyo alikuwa ameshika birika la chai. Akammiminia Aabo, akammiminia mgeni mwingine, akalifunika birika na kwenda zake. Gedi akakaa na kikombe kitupu muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Sasa Garissa ina lami, na gereji zimepangana kwenye barabara ya kwenda Liboi, kila moja na kijana anayechomeka waya, anasoma kioo, halafu anakwambia nunua boksi mpya. Usukani ukiwa mzito wanamimina dawa ya kuziba ya kwenye chupa na kuondoka zao wakipiga honi. Wanajua kila kitu. Ukiwauliza wakati wa shifta wanakwambia ni mambo ya wazee, na kidole kinaendelea kusugua simu. Ndugu zangu wa rika langu husema enzi zetu zilikuwa nzuri, nao nawacheka vilevile. Hazikuwa nzuri. Tulichokuwa nacho ni watu wachache ambao walilala chini kutazama kabla ya kusema, na Aabo alizeeka na kuzikwa na wanawe kwa sababu yao. Mke wa Hirsi aliishi mtaa wetu hadi miaka ya juzi. Kila lori lilipopunguza mwendo karibu na mlango wake aliinuka, akatoka, akatazama nani anashuka. Vijana walikuwa wakimpita wakidhani ni bibi anayependa magari.